Sufuria Niliyoing'arisha Ndani

Wiki iliyopita nilipeleka redio yangu kwa fundi, kijana mwenye kibanda barabara ya kumi na mbili hapa Ngamiani. Alipogusisha ncha ya moto kwenye waya na ule uzi wa lehemu ukayeyuka, moshi mwembamba ulipanda ukanigonga puani, nikajikuta nimeshika ukingo wa meza yake. "Bibi, unaumwa?" akaniuliza. Nikamwambia la, siumwi, endelea na kazi yako mwanangu. Angenielewa vipi? Nilikuwa nimerudi kwenye ua wa nyumba ya bibi yangu, nina miaka minane, na nyayo zangu zinawasha kwa mchanga.

Nililelewa na bibi, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa Pangani, ambako baba alisimamia minazi ya jamaa zake, nami nikaletwa Tanga nisome skuli asubuhi na chuo cha Kurani baada ya adhuhuri. Bibi aliitwa Bi Rukia. Alizaliwa Pangani katika nyumba ya watu waliojinasibisha na Omani. Kwa wakati wangu, kilichosalia katika utajiri wa nyumba ile kilikuwa hadithi na vyombo, na Bibi alivitunza vyote viwili kwa bidii ileile. Palikuwa na sinia mbili za shaba ya manjano, birika la kunawia, na sufuria moja kubwa ya shaba nyekundu aliyokuja nayo siku alipoolewa. Ilivushwa mto kwenye kivuko, alisema Bibi, na waliokuwa ng'ambo walidhani bibi arusi amekuja na ngoma. Mtoto wa umri wangu aliweza kusimama ndani yake, kingo zikamfika magotini. Nje ilikuwa nyekundu, ikiwaka kila iliposuguliwa kwa ndimu na mchanga. Ndani ilikuwa nyeupe, weupe wa kufifia, kama mbingu za masika.

Haikupikiwa kila siku. Ilitoka ghalani kwa arusi, maulidi na hitima, na jirani aliyetaka kuiazima alikuja mwenyewe, hakutuma mtoto.

Nyumbani tulikuwa wanne. Mimi, Bibi, ami yangu Salehe ambaye alikuwa karani katika ghala la mkonge bandarini, na mkewe Zainabu, ambaye nilimwita Mama Mdogo. Zainabu alikuwa Mbondei, binti wa wakulima wa Maramba. Ami alimwona alipotumwa huko kwa shughuli za kazi, akarudi Tanga hasikii la mtu. Bibi hakuhudhuria arusi. Alisema miguu inamuuma. Miguu ileile ilimpeleka Pangani mwezi uliofuata, na haikulalamika.

Mama Mdogo alikuwa mrefu, mwenye kucheka kwa sauti ambayo Bibi alisema inafika mpaka Raskazone kwa Wazungu. Aliniosha nywele, akanisuka, akanisimulia habari za nyani wa kwao waliojua siku za soko, wakangoja wenye mashamba waondoke ndipo wavamie mahindi. Bibi hakumtaja kwa jina. Alisema, "Mwambie yule alete maji," na yule akayaleta, kwa uso mkunjufu, kama aliyeitwa kwa jina zuri kuliko yote. Mimi nilidhani ndivyo wakwe wanavyozungumza. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kutabasamu huku anaumia.

Siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani alikuja Fundi Mbwana, mtia bati. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vilivyoungua kiasi cha kupoteza alama zake, na alikuja na mvukuto, gunia la makaa na kopo la unga mweupe uitwao nushadiri. Aliitazama sufuria ya Bibi, akamwaga mchanga ndani yake, akaingia miguu mitupu, akashika ukuta kwa mikono miwili na kuanza kujizungusha kiuno, kulia na kushoto, nyayo zikisaga mchanga. Watoto wa mtaa mzima tulijaa uani kumtazama. Tulimpigia makofi. Alicheza vile kwa muda mrefu, jasho likimchuruzika, kisha mwadhini akaadhini na Bibi akatufukuza kwenda chuoni. Niliporudi jioni palibaki harufu kali, yenye kuchoma pua, na sufuria ilikuwa imekwisha rudishwa ghalani.

Kwa hiyo nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba sufuria husafishwa ndani kwa mchanga na miguu. Nusu ya pili ya kazi sikuiona, wala sikujua kama ipo.

Miezi ikapita. Ikakaribia hitima ya babu, ambayo Bibi aliisomesha kila mwaka, na safari hii alisema jambo jipya. "Mwaka huu yule apike." Ami Salehe alitabasamu siku nzima. Sote tulielewa kwamba Mama Mdogo anatiwa mizanini mbele ya watu, na kwamba akipita, huenda akawa mtu wa nyumba ile. Mimi nilimtakia apite kuliko nilivyojitakia chochote.

Juma lile lile Mwalimu wetu wa chuo alitusomesha habari za usafi. Akasema mtu mnafiki huosha nje akaacha ndani, na Mwenyezi Mungu hatazami nje, hutazama ndani. Alikuwa akisema juu ya moyo. Mimi nikaifikiria sufuria. Nje inang'aa kama moto, na ndani ina ukungu ule mweupe ambao, nilivyoona, hakuna aliyejali kuutoa kwa sababu wageni hawauoni. Nikaona haya kwa ajili ya nyumba yetu. Nikaona pia nafasi ya kumsaidia Mama Mdogo bila kumwambia.

Sufuria ilikuwa imetolewa na kuinamishwa uani, tayari kwa shughuli. Skuli ilikuwa imefungwa. Asubuhi mbili, Bibi alipokuwa kwa jirani, niliijaza mchanga wa pwani na maganda ya ndimu, nikaingia, nikashika ukuta kama Fundi Mbwana, nikacheza. Nyayo zilichubuka. Siku ya kwanza hapakutokea kitu ila michirizi. Siku ya pili, chini ya kisigino changu, ukatokea wekundu mdogo ukubwa wa senti. Furaha niliyoipata sijui niifananishe na nini. Niliufuata ule wekundu kama mtu anayefukua hazina, mpaka chini kote na sehemu kubwa ya ubavuni kukawa kunang'aa kuliko nje.

Mama Mdogo alinikuta ninasuuza. Akachungulia, akashika shavu.

"Mashaallah! Umefanya peke yako?"

"Peke yangu. Usimwambie Bibi, nataka aone mwenyewe."

Akacheka kile kicheko chake. Kwao walipikia vyungu vya udongo na sufuria nyepesi za dukani. Naye, kama mimi, hakujua alichokuwa akikitazama. Bibi angejua mara moja, lakini macho ya Bibi yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, na alivitambua vyombo vyake kwa kuvigusa nje.

Jioni ya kuamkia hitima Mama Mdogo aliloweka ukwaju ndani ya sufuria ile, akatia maji na ndimu, akafunika kwa ungo. Maji ya ukwaju yalikuwa kinywaji cha nyumba yetu kila hitima. Asubuhi aliyachuja kwa kitambaa, akatia sukari na iliki, akayarudisha mlemle.

Kisomo kilikuwa kizuri. Pilau ilipikwa kwenye sufuria za kuazima, na niliwasikia wanawake wakisema yule binti wa Maramba ana mkono. Bibi alisikia pia. Akarekebisha mtandio wake, akaniambia, "Wape maji ya ukwaju, wana kiu." Nilikunywa nusu kikombe nikiwa njiani. Yalikuwa na ladha niliyoijua. Niliwahi kuiweka mdomoni senti kumi, ile ya tundu katikati, nikainyonya mpaka meno yakaingia ganzi. Ilikuwa ladha ile.

Haukupita muda. Mtoto mmoja wa chuo alishika tumbo, akatapika kwenye ngazi. Kisha mwingine. Kisha wanaume barazani, mmoja baada ya mwingine, wakiinuka kwa haraka na kushika nguzo. Mwalimu wetu alitapika kwenye kanzu yake mwenyewe. Nami nilitapika, mpaka nikaona nyota mchana. Mama Mdogo alikimbia huku na huku na ndoo na maji, akiuliza kila mtu, "Nini? Umekula nini?" na watu wakayakwepa macho yake. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini binti wa jirani, mdogo kuliko mimi, alilala siku mbili hajiwezi, mama yake akikaa mlangoni akilia, na siku zile mbili hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeweza kula.

Maneno yalianza kabla sakafu haijakauka. "Wa kuja wana mambo yao," alisema jirani mmoja, si kwa kunong'ona. Dresa wa hospitali aliyekuja kumtazama yule mtoto alikuwa na lake. Aliuliza kinywaji kilikaa katika chombo gani, akaambiwa, akatikisa kichwa. "Shaba hiyo. Mwulizeni fundi wenu bati alilotia lilikuwa bati gani."

Basi Fundi Mbwana akaitwa. Alikuja kesho yake, uso umekunjamana, bila mvukuto wala kopo. Bibi alikuwa juu ya kitanda cha kamba uani, Ami Salehe amesimama, Mama Mdogo ameketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi ingawa hakuwa na nazi. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango wa jiko.

"Bi Mkubwa, nasikia nimeitwa mwizi."

"Hukuitwa mwizi," alisema Bibi. "Umeitwa utuambie bati lako lina nini."

Fundi alitoa mfukoni kijiti cha madini meupe, urefu wa kidole. "Wako mafundi wanaochanganya bati na risasi. Risasi ni rahisi, tena inayeyuka upesi. Ukizichanganya unapata lehemu. Kwa kuziba ndoo, hapana kitu bora. Kwa chombo cha chakula ni sumu, inamla mtu polepole. Sasa nipe sikio lako, Bi Mkubwa."

Bibi, ambaye hakumpa sikio mtu yeyote, aliinamisha kichwa. Fundi akakipinda kile kijiti karibu na ushungi wake. Hata mimi nilisikia, kwa ukimya uliokuwapo. Kililia. Mlio mdogo, mkavu, kama mtu anayetafuna chumvi ya mawe.

"Bati safi hulia ukilipinda. Ukilitia risasi huwa bubu. Hili ndilo nililotia kwako, na wallahi sina jingine. Leteni hiyo sufuria."

Ami Salehe aliileta. Fundi aliielekeza juani, akatazama ndani kwa kitambo. Alipopandisha uso, hasira ilikuwa imemtoka.

"Humu hamna bati, Bi Mkubwa. Si zuri wala baya. Humu mna shaba tupu, na ukwaju umelala humo usiku kucha ukiila. Bati huwekwa ili shaba isigusane na chakula chenye ukali. Limeondolewa kwa mchanga." Akapitisha kidole chini ya sufuria. "Nani anaosha vyombo nyumba hii?"

Wote wakamtazama Mama Mdogo. Mama Mdogo akanitazama mimi.

Ilikuwa kwa muda mfupi sana, na hakuna mwingine aliyeona, maana wote walikuwa wakimtazama yeye. Nilijua, pale pale, kila kitu: ukungu mweupe haukuwa uchafu, nimewalisha watu sumu kwa miguu yangu, yule mtoto wa jirani ni mimi niliyemlaza. Nilifungua mdomo. Nikarudi hatua moja nyuma.

"Ni mimi, Mama," alisema Zainabu. "Nilisugua mimi. Sikujua."

Ami Salehe alisema, "Zainabu!" tu, kama mtu aliyejikwaa.

Bibi hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali. Alijifunika mtandio wake vizuri, akasema, "Salehe, mpeleke kwao akapumzike." Kila mtu aliyelelewa pwani anajua mwanamke akiambiwa akapumzike kwao maana yake nini.

Asubuhi ya kuondoka, Mama Mdogo alinisuka nywele kama kawaida. Nilisema, "Mama Mdogo, mimi ndi..." na yeye akanivuta shungi la nywele kidogo, si kwa kuumiza.

"Nyamaza. Haya ni ya watu wazima. Wewe soma."

Nililipokea neno lile kama amri. Nilijiambia nimekatazwa kusema, na mtoto mwema hutii. Leo, kwa umri huu, najua nililipokea upesi vile kwa sababu lilinifaa. Lori la mazao lilimchukua, na kifurushi chake cha kanga, na sikumpungia mkono.

Nyumba ilikuwa kimya baadaye kiasi kwamba ukisikia panya darini unashukuru. Ami Salehe alikula bila kuinua kichwa. Bibi alirudi kupika mwenyewe, na kwa macho yale wali uliungua siku mbili kwa tatu, tukaula hivyo hivyo, hakuna aliyesema. Niliota sufuria. Chuoni nilipokosea aya, Mwalimu alinichapa, nami nikamshukuru moyoni kwa kila fimbo.

Sufuria ilikuwa imepelekwa kwa Fundi Mbwana itiwe bati upya. Alifanyia kazi zake chini ya upenu wa nyumba yake, njiani kutokea chuoni, nami kwa siku nyingi nilipita upande wa pili wa barabara. Alasiri moja aliniita.

"Wewe mtoto wa Bi Rukia. Njoo uone leo ile sehemu usiyoiona."

Nilivuka barabara. Sufuria ilikuwa juu ya makaa, imepata moto. Alinyunyiza nushadiri ndani, moshi mweupe ukafoka, tukakohoa sote wawili. Akagusisha kile kijiti cha bati, nacho kikayeyuka kama siagi, kikawa tone linalokimbia. Kwa kifundo cha pamba akalifuata, akalitandaza kwa mikono ya haraka, na kila pamba ilipopita wekundu ulitoweka ukaja ule weupe niliouchukia.

Nilisema jambo la kwanza lililonijia. "Mbona halifanani na bati la paa?"

Alicheka kidogo. "Lile ni jina tu. Bati la paa ni chuma kilichovikwa zinki, hamna hata chembe ya bati. Na zinki hiyo ukiichanganya na shaba nyekundu unapata ile ya manjano, ya sinia za bibi yako. Na ile senti mnayonunulia kashata ni shaba iliyotiwa bati kidogo ikawa ngumu. Madini yana majina ya kupotosha, mtoto. Asiyefundishwa atajuaje?" Alikuwa bado anapangusa, hanitazami. "Niliikagua hii sufuria kabla sijaitia moto. Michirizi ilikuwa ya miduara midogo midogo. Mtu mzima hawezi kuzunguka vile. Kisigino chake ni kikubwa mno."

Nikaanza kulia.

"Sikukuita nikutishe," alisema. Akaweka pamba chini. Nikaona kwamba naye uso wake umechoka. "Mimi siku ile nilikuja kujitetea. Nilijitetea vizuri, nikamtosa mke wa watu. Nimelala na jambo hilo. Sufuria hii naileta kwenu Ijumaa baada ya sala. Kabla sijaiweka chini, bibi yako awe amesikia kwako. Kama hajasikia, nitasema mimi, na kusema kwangu hakutakuwa na faida kwako wala kwangu."

Nilimwambia Bibi siku ya Alhamisi, alipomaliza kusali alasiri, akiwa bado juu ya mswala na tasbihi mkononi. Nilisimama mbali kidogo, nje ya urefu wa mkono wake. Nilisema yote, asubuhi mbili, mchanga, maganda ya ndimu, na kwamba Mama Mdogo alinitazama.

Tasbihi ilisimama.

"Kwa nini ndani?" aliuliza. "Nani alikwambia usugue ndani?"

Nikamwambia juu ya Mwalimu na mnafiki anayeosha nje. Nilidhani atanipiga. Bibi alikaa, akitazama ukuta ambao sidhani aliuona. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anajisemea, "Miaka yote hii sikumfundisha mtu chombo kile. Nilikuwa nikikitukuza tu." Akaweka tasbihi chini, akaniambia: "Kamwite Salehe."

Sufuria ilirudi Ijumaa. Jumamosi tulikuwa ndani ya lori, Bibi mbele na dereva, amejikunja ndani ya buibui lake, mimi na Ami nyuma juu ya magunia. Tulipita mashamba ya mkonge, mistari na mistari, kisha ardhi ikaanza kupanda, hewa ikapoa, milima ya Usambara ikajitokeza mbele. Bibi hakuwahi kufika huko maishani mwake. Tuliposhuka Maramba alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na alikataa kupanguswa.

Baba yake Zainabu alitupokea kwa heshima kubwa mno, ile ya mtu ambaye bado hajaamua. Tulitandikiwa jamvi. Zainabu aliitwa kutoka shambani. Alikuja, akapiga goti.

"Shikamoo, Mama."

Bibi hakuitikia. Alinyoosha mkono, akatafuta hewani mpaka akalipata bega lake. "Zainabu," alisema. Ami Salehe aliangalia chini. "Nimekukosea mbele ya watu. Nimekuja kukutaka radhi mbele ya watu, na hawa wazee wako wawe mashahidi. Chombo kilikuwa changu, kukieleza kulikuwa kazi yangu, nami nikakuhukumu kwa nisichokufundisha."

Zainabu alilia, na Bibi alilia, na baba mwenye nyumba akatoka nje kwenda kutazama kuku. Lakini alipofuta machozi, Zainabu alisema jambo ambalo hatukulitegemea.

"Nimekusamehe, Mama, tangu moyoni. Nitarudi kwa mume wangu. Ila sitarudi jikoni kwako. Salehe akipata chumba, hata kimoja, nitakuja."

Nilimtazama Bibi, nikangoja hasira. Alifikiri. Akasema, "Haki yako."

Mimi nilikutana na Mama Mdogo baadaye, peke yetu, ukingoni mwa shamba lao la mahindi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikamwuliza tu mbona hakusema ni mimi.

"Nilikuona nyuma ya mlango unatetemeka. Nikafikiri, huyu ni mtoto, watamwumiza. Mimi wataniumiza kidogo." Alichuma jani, akalikunja, akalikunjua. "Nilikosea hesabu. Waliniumiza sana. Na nitakwambia kweli, kwa sababu sasa umekuwa mkubwa. Kila lori lililosimama hapo chini, nilitoka kutazama kama umesema."

"Ulinikataza."

"Nilikukataza," alikubali. "Na bado nilitoka kutazama."

Hakunifariji. Hakuniambia si kitu. Alinishika mkono tukarudi kwa watu, na huo ndio ulikuwa msamaha wangu, nami nimeuona unatosha, ingawa kuna siku hata sasa nasikia lori linapunguza mwendo nikahisi kwamba kuna mtu ananingoja niseme.

Ami alipata chumba barabara ya kumi na tisa, chumba kimoja chenye kidirisha na jiko la kupokezana uani. Ijumaa ya kwanza baada ya wao kuhamia, Bibi alioga, akavaa, akanishika bega nimwongoze. Mitaa ilikuwa imejaa watu waliotoka msikitini, na wengi walitujua, nao wakatutazama kwa sababu Bi Rukia hakuwa mtu wa kutembelea. Bi Rukia alitembelewa. Tulifika. Mlango ulikuwa wazi, pazia la kanga limening'inia. Nilitaka kuingia tu, kama mtoto anavyoingia kwao, lakini Bibi alikaza vidole begani mwangu, akanizuia.

Akasimama nje, juani, mgongo umenyooka.

"Hodi," alisema.

Ndani sufuria moja iligongana na nyingine.

"Hodi, mwanangu," akasema tena, akangoja, kama mgeni yeyote, mpaka alipokaribishwa.